Shajara ya Beetle ya 1970: stata inayoitika leo na kunyamaza kesho

Gari ni Volkswagen Beetle ya 1970, injini ya 1500, umeme wa volti 12, gia za mkono, dinamo badala ya alteneta. Naandika kila hatua inapokwisha ili mwenye gari la aina hii, au gari lolote la zamani lenye ugonjwa kama huu, aweze kufuata na asirudie makosa yangu. Gharama naihesabu kwa saa za kazi na kwa vipuri: vilivyohitajika, na vile nilivyonunua bure, yaani bila kuhitajika.

2 Machi: ugonjwa wenyewe

Nikigeuza ufunguo hutokea moja kati ya mambo matatu. Mara nyingi stata inazunguka vizuri na injini inawaka papo hapo. Safari nyingine nasikia "tik" moja kutoka nyuma, basi. Na safari nyingine kimya kabisa, na taa nyekundu ya chaji na ile ya oili zinazimika ninaposhikilia ufunguo, kisha zinarudi nikiuachia.

Hakuna mpangilio ninaouona. Linaweza kuwaka siku sita mfululizo halafu likagoma mara tatu kwa siku moja. Likigoma, tukilisukuma hatua kumi na kuachia klachi kwenye gia ya pili linawaka bila taabu. Kwa hiyo mfumo wa moto na mafuta niliuweka kando tangu mwanzo.

Nimefungua daftari. Kila likigoma naandika saa, kama injini ni ya moto au baridi, kama kuna mvua, na lilifanya "tik" au kimya. Hitilafu ya kuvizia haipatikani kwa kumbukumbu ya kichwani, kwa sababu kichwa hukumbuka siku mbaya na kusahau siku nzuri.

9 Machi: betri

Betri ndiyo mshtakiwa wa kwanza wa kila mtu, nami sikungoja ushahidi. Zile taa zinazozimika zilinitosha: nikasema betri imechoka. Nikanunua mpya, nikaifunga, gari likawaka mara nne mfululizo, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi: tik.

Ndipo nikaipima ile ya zamani, jambo lililopaswa kutangulia. Baada ya kupumzika usiku mzima ilikuwa na volti 12.6, na niliporudi kuifunga na kupiga stata haikushuka chini ya 10.6. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi, na ni ile inayoporomoka chini ya 9.6 stata ikizunguka ndiyo ya kushukiwa. Yangu ilikuwa nzima.

Kuna jambo moja la hatari nililikuta hapa, na ningependa kila mwenye Beetle alisome. Betri inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Ile mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani kwa unene wa kidole, na kifuniko chake cha asili kilishapotea miaka mingi. Nilipoinua kiti niliona mikwaruzo miwili inayong'aa juu ya nguzo ya chanya: springi za kiti zilikuwa zimeigusa. Kama mtu mzito angekaa nyuma, springi zingeunganisha chanya na bodi, na nyuzi za ndani ya kiti zinashika moto haraka. Nimerudisha betri ya zamani ambayo kimo chake ni sahihi, na nimekata kipande cha mpira wa tyubu kinachofunika betri nzima mpaka nipate kifuniko. Angalieni viti vyenu leo.

Klampu zote mbili nilizisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, nikazikaza, nikapaka grisi juu. Unapofungua, anza na hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho.

Saa: 2. Kipuri cha bure: betri moja, nacho ndicho kilichokula pesa nyingi kuliko vyote katika kazi hii.

17 Machi: arthi ya giaboksi

Safari hii nilianza na mita ya kupimia volti. Nilichomoa waya wa koili ya moto, inayolisha plagi, ili injini isiwake, nikaweka gia huru na kuvuta handibreki, nikampa mwanangu ufunguo. Mchomo mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, wa pili kwenye mwili wa stata. "Piga!" Mita ikasoma volti 1.1.

Namba hiyo ni kubwa mno. Kati ya hasi ya betri na mwili wa stata panapaswa kupotea volti 0.2 au 0.3 tu, kwa kuwa hiyo ni njia ya umeme kurudi betri na haina kazi nyingine. Volti 1.1 ikipotea njiani, stata inafanya kazi na kilichobaki.

Injini na giaboksi za Beetle zimekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachounganisha giaboksi na bodi ni mkanda mmoja wa nyuzi za shaba zilizosukwa, upande wa mbele wa giaboksi. Wa kwangu ulikuwa umegeuka kijani, na karibu na boliti moja nusu ya nyuzi zilikuwa zimekatika. Mkanda ukichoka hivyo, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyopo ni kebo ya klachi na kebo ya kanyagio la mafuta. Baada ya kupiga stata sekunde kumi nilishika kebo ya klachi nikaikuta vuguvugu. Hiyo ni dalili nzuri ya kukumbuka.

Mkanda mpya, sehemu za kukalia zimesuguliwa mpaka chuma cheupe, mita sasa inasoma 0.15. Stata inazunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia tangu nilipate gari hili. Nimeandika "limekwisha" kwenye daftari.

Saa: 3. Kipuri kilichohitajika: mkanda mmoja.

6 Aprili: limerudi

Siku 20 bila kugoma hata mara moja, kisha jana jioni, baada ya mwendo mrefu, tik. Nikasubiri dakika kumi, tik. Dakika ishirini, likawaka.

Mkanda ulikuwa mbovu kweli, ila haukuwa ndio ugonjwa. Ulikuwa mzigo wa pili. Ulipoondoka, kilichobaki kikapata nafasi ya kupumua kwa wiki tatu.

Tatizo la hitilafu hii ni kwamba kabla sijaliinua gari na kuingia chini na mita, linakuwa limeshapona. Kwa hiyo nimeamua kupeleka kipimo mahali nilipo mimi. Stata ina ncha mbili za kuangalia. Ncha ya 30 ni ile nene inayotoka betri moja kwa moja. Ncha ya 50 ni ndogo, na inapata umeme kutoka swichi ya ufunguo pale tu unapogeuza kuwasha. Ndiyo inayoamsha solenoidi, swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Nimevuta waya mwembamba kutoka ncha ya 50 hadi ndani, nikaufunga kwenye taa ndogo juu ya dashibodi. Gari likigoma na taa ikang'aa, amri imefika na kosa ni la stata. Taa isipong'aa, amri haikufika, na stata haina hatia.

Wazo ni zuri na bado naliamini. Taa niliyoichagua ndiyo iliyonipoteza, kama itakavyoonekana.

Saa: 1.

21 Aprili: kushusha stata

Gari liligoma mara tatu wiki iliyopita, zote "tik", na zote taa ikang'aa. Nikahukumu stata.

Kuishusha ni kazi ya jioni moja: hasi ya betri nje, gari juu ya stendi madhubuti (kamwe si jeki peke yake), nyaya nje, nati mbili za spana namba 17. Usumbufu uko kwenye boliti ya juu. Hiyo ni mojawapo ya boliti zinazoshikilia injini, na nati yake inafikiwa kutoka chumba cha injini, nyuma ya kasha la feni, kwa kupapasa bila kuona. Nilimwomba mwanangu ashike chini nami nikakaza juu. Peke yako inawezekana, ila utaondoka na ngozi ya vidole imechubuka.

Nilichokuta mezani: brashi za kaboni ndefu na nzuri, meno mazima, sahani ya shaba ndani ya solenoidi ina madoa machache ya kuungua. Lakini bushi, kipete ambamo mhimili unazunguka, ilikuwa imeliwa vibaya. Kwenye Beetle za aina hii ncha ya nje ya mhimili wa stata haishikiliwi na stata yenyewe; inaingia kwenye bushi ndogo ya shaba iliyopachikwa ndani ya ganda la giaboksi. Watu wengi hubadilisha stata tatu bila kujua kwamba bushi iko upande wa pili. Yangu iliachia mhimili ucheze mpaka niliweza kuuona ukiyumba kwa macho. Bushi ikifika hapo, rota, sehemu ya stata inayozunguka, inaegemea upande mmoja na kusugua sumaku, hasa joto likipanda.

Kuitoa kulinigharimu asubuhi nzima. Nilianza na patasi nyembamba nikitaka kuikunja ndani, nikakwaruza ganda na bushi haikusogea. Acheni patasi. Njia iliyofanya kazi ni kuchonga hesi ndani ya bushi kwa tapu, kisha kuingiza boliti yenye washa na kipande cha bomba, ukikaza nati bushi inatoka yenyewe polepole. Ile mpya niliiloweka kwenye oili usiku kucha kabla ya kuipachika, maana shaba yake ina vitundu vidogo vinavyotunza oili.

Kwa kuwa taa ilinishuhudia kwamba amri inafika, nilibadilisha na solenoidi.

Saa: 9. Kipuri kilichohitajika: bushi. Kipuri cha bure: solenoidi.

4 Mei: volti 7.6

Wiki moja na siku kadhaa, kisha tik, na solenoidi mpya. Na taa iking'aa.

Nilimwendea mzee mmoja fundi umeme wa magari, aliyestaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepima wapi?"

Nikamwambia: betri, arthi, stata nimeifungua yote.

"Betri iko huku, stata iko kule. Katikati umepima?"

"Nina taa, mzee. Inawaka."

"Taa gani?"

Ilikuwa LED. Akanyamaza kidogo, akaniambia nikaifunge kwenye volti 7 halafu kwenye 12 niitazame. Nilifanya hivyo nyumbani. Jicho langu haliwezi kutofautisha. Balbu ya kawaida yenye waya wa kung'aa ingekuwa nyekundu hafifu kwenye volti 7, ningeona mara moja. LED ilinidanganya kwa mwezi mzima, na solenoidi nzuri iko kwenye kopo la vyuma chakavu kwa sababu yake.

Nimeondoa taa, nimefunga mita yenyewe kwenye waya ule ule na kuilaza kiti cha mbele. Leo saa nane mchana, injini moto: tik. Mita: 7.6. Nikishikilia ufunguo hivyo hivyo, mita ya pili kwenye betri: 11.4. Volti 3.8 zinapotea kati ya betri na ncha ya 50.

Sasa joto nalo linaeleweka. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takribani asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Stata ya Beetle inakaa jirani na kasha la joto la bomba la moshi. Koili ya solenoidi ikitoka digrii 20 hadi 100, ukinzani wake unapanda karibu theluthi, umeme unaopita unapungua na nguvu ya kuvuta inapungua. Volti 7.6 zinaweza kutosha asubuhi na zisitoshe mchana. Solenoidi si mbovu. Ina njaa, na njaa inauma zaidi ikiwa na joto.

Nilijaribu kuitafuta hasara hiyo kwa kipimo cha omu, betri ikiwa imefunguliwa. Kutoka swichi hadi ncha ya 50: 0.3. Nikigusisha michomo ya mita yenyewe kwa yenyewe: 0.2. Hakuna kitu hapo. Lakini solenoidi inapoanza kuvuta inameza makumi ya ampea. Chukulia 20 tu: ukinzani wa omu 0.19 unatosha kupoteza volti 3.8 zote. Kipimo cha omu cha kawaida hakiwezi kuuona ukinzani mdogo hivyo, na hata hapo kinapima kiungo kikiwa kimetulia, hakina mzigo. Volti zipimwe wakati umeme unapita.

Saa: 3.

11 Mei: rilei

Angalia safari ya umeme huu. Unatoka betri, unafika kwenye stata, unapanda hadi regyuleta (kidhibiti cha chaji) chini ya kiti, unakwenda mbele kabisa hadi swichi ya taa, kutoka hapo hadi swichi ya ufunguo, kisha unarudi nyuma tena hadi ncha ya 50. Ni mita kadhaa za waya wenye umri wa zaidi ya miaka hamsini na viungo visivyopungua vitano.

Tiba inayojulikana ni rilei, swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa: waya wa zamani unabaki na kazi ya kuamsha rilei tu, ambayo haihitaji hata nusu ya ampea, na umeme mkubwa unakwenda njia fupi. Nilivyofunga, namba za mwanzo zikiwa ncha za rilei:

- 86: waya wa zamani mwekundu wenye mstari mweusi, uliokuwa ncha ya 50
- 85: arthi, kwenye bodi iliyosuguliwa
- 30: kutoka ncha ya 30 ya stata, kupitia fyuzi ya ampea 30
- 87: kwenda ncha ya 50

Rilei ya ampea 40, waya mpya wa milimita za mraba 4. Mara ya kwanza niliifunga chini ya gari, karibu na stata, kwa kuwa nyaya zingekuwa fupi zaidi. Mvua moja tu ikatosha: tope mpaka ndani ya soketi. Sasa iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, mbali na betri.

Ncha ya 50, stata ikizunguka: 10.3. Kutoka 7.6. Gari linawaka kila mara, moto kwa baridi. Nimetoa waya wa kipimo, nimerudisha mita kwenye sanduku. Hilo la mwisho lilikuwa kosa.

Saa: 4, pamoja na kuihamisha. Vipuri vilivyohitajika: rilei na soketi yake, fyuzi, waya.

2 Juni: limezima barabarani

Siku 22 za kuwaka bila kukosa. Kisha jana, nikiwa mwendo wa kati, injini ikakata kwa sekunde moja na kurudi. Kilomita mbili mbele ikakata tena na haikurudi. Nikakanyaga klachi, nikaliacha lijiendee hadi pembeni.

Ufunguo ulikuwa bado umewashwa, injini imesimama. Katika hali hiyo taa ya chaji na ya oili lazima ziwake. Zote mbili zilikuwa giza. Nikageuza kupiga stata: kimya. Nikavuta swichi ya taa ndogo, nikatoka nje kutazama: zinang'aa vizuri, mbele na nyuma.

Nilikaa ukingoni mwa barabara na daftari. Nilifungua ukurasa wa kwanza, wa 2 Machi, na pale pale nimeandika kwa mkono wangu: taa ya chaji na ile ya oili zinazimika ninaposhikilia ufunguo. Miezi mitatu jibu lilikuwa limeandikwa. Niliposoma "taa zinazimika" nilielewa "betri", na kwa miezi mitatu sikuwahi kuvuta swichi ya taa ndogo wakati gari limegoma. Taa ndogo zinapata umeme kwenye swichi ya taa. Taa ya chaji na ya oili zinaupata baada ya swichi ya ufunguo. Za kwanza ziking'aa na za pili zikafa, kosa liko kati ya swichi hizo mbili, au ndani ya swichi ya ufunguo yenyewe. Kila kilicho nyuma ya gari kinaachiwa huru kwa jaribio moja la sekunde tano lisilohitaji hata bisibisi.

Niligonga chini ya dashibodi kwa ngumi. Taa zikawaka. Nikalifikisha nyumbani.

Inanipa mawazo kwamba rilei ndiyo iliyonifikisha hapa. Ilinyamazisha dalili ya stata, kwa sababu hata kiungo kibovu kinaweza kupitisha kile kidogo inachohitaji, huku kiungo kikiendelea kuoza. Koili ya moto nayo inapita kwenye kiungo hicho hicho. Ina ukinzani wa omu 3 hivi, kwa hiyo inavuta ampea 4. Kwenye omu 0.19 zinapotea volti 0.8 tu, injini haijali. Ndiyo maana tulipolisukuma liliwaka siku zote, na ndiyo maana niliuondolea mfumo wa moto lawama. Kiungo kilipofika omu kadhaa, koili ikakosa umeme, gari likiwa katikati ya barabara.

8 Juni: kiungo

Hasi ya betri nje, kisha kulala chali na kichwa kwenye kanyagio za miguu, tochi mdomoni.

Waya mwekundu kutoka swichi ya taa kwenda swichi ya ufunguo hauna urefu wa mkono. Katikati yake palikuwa na uvimbe wa tepu nyeusi kama kidole gumba. Tepu ilikuwa imelainika na kunata, ikatoka kwa mafundo na kuniachia weusi mikononi. Ndani yake: ncha mbili za waya mwekundu zilizosokotwa kwa vidole, bila kubanwa, bila lehemu, na waya wa tatu, mwembamba wa njano, uliosokotewa humo humo. Niliufuata ule wa njano: unapita chini ya zulia na kukatika hewani nyuma ya paneli. Kuna aliyewahi kufunga king'ora cha wizi, akakiondoa, akaacha jeraha. Nyuzi za shaba zilikuwa za kahawia nje na kijani katikati, na ganda la plastiki limeyeyuka kiasi cha ukucha kila upande. Nilipoishika kwa koleo na kuitikisa kidogo, nyuzi nne zilikatika na kudondoka kifuani.

Kabla ya kukata nilitaka namba. Nikafunga betri, nikarudisha kwa muda waya wa zamani moja kwa moja kwenye ncha ya 50, nikaweka michomo ya mita kila upande wa kiungo. Stata ikipigwa: volti 3.1, na moshi mwembamba. Nilikomea hapo.

Waya mpya wa kipande kimoja, milimita za mraba 4, ncha zilizobanwa kwa koleo lake maalumu na kufunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto. Sikutumia lehemu. Lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kufanya sehemu ngumu, na pale ugumu unapokomea ndipo waya hukatika kwa mtikisiko. Wapo mafundi wazuri wanaolehemu kila kitu, ila kwenye dashibodi inayotetemeka nabana.

Kipimo kile kile baada ya kazi: 0.04. Na ncha ya 50 kupitia njia ya zamani, bila rilei: 9.6. Maana yake gari hili lingewaka bila rilei.

Rilei nimeirudisha hata hivyo, kwa ajili ya swichi ya ufunguo. Visahani vyake vya ndani ni vidogo na vimebeba mzigo wa solenoidi kwa nusu karne; sasa vipumzike.

Saa: 4, nyingi zikiwa za kujikunja chini ya dashibodi. Vipuri: waya wa urefu wa mkono, ncha mbili, mpira.

29 Juni: hesabu

Tangu tarehe 8 nimewasha mara 71 nikiandika kila moja. Mara 23 injini ikiwa moto, mara 6 kwenye mvua. Halikugoma hata mara moja, na taa ya chaji haipepesi.

Jumla ya saa 26. Nikichuja, vilivyohitajika ni mkanda wa arthi, bushi, rilei na vifaa vyake, na ule waya mfupi. Vya bure ni betri na solenoidi. Solenoidi ya zamani nimeitoa kwenye kopo la vyuma chakavu, nimeisafisha sahani yake na kuifunga kwenye karatasi yenye tarehe. Ni nzima na itakuwa akiba.

Waya wa kipimo nimeurudisha. Safari hii haujafungwa ncha ya 50 bali kwenye waya unaoingia swichi ya ufunguo, na juu ya dashibodi iko balbu ya wati 5, ya waya wa kung'aa.

Kazi inayofuata ni ule waya wa njano. Nimeutoa wote, lakini karibu na kasha la fyuzi nimeona uvimbe mwingine wa tepu nyeusi ya aina ile ile, kwenye waya wa honi na wa wipa. Nitaufungua Jumamosi, mita ikiwa mkononi kabla ya koleo.